CD4 yako ni ngapi, na inakuambia nini?

UKIKAA kwa muda kwenye benchi la kliniki yoyote inayotoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi, iwe Mathare, Likoni au Nyalenda, hutakosa kusikia mazungumzo ya namna hii. "Mwenzangu, yangu imefika mia sita na arobaini," asema mama mmoja kwa furaha. Aliyeketi kando yake, ambaye amekuja kwa mara ya kwanza, ashtuka. "Woi! Mia sita? Pole sana, mama. Yangu ni mia moja na kumi tu."

Huyo wa pili amekosea, na kosa lake si dogo. Anadhani karatasi aliyopewa inahesabu virusi vilivyomo mwilini, kwa hivyo kadiri nambari inavyopungua ndivyo alivyo salama. Ukweli ni kinyume. Vipimo ni viwili na husomwa kwa njia tofauti. Kipimo cha wingi wa virusi hueleza adui ni wangapi, nacho unataka kiwe chini, ikiwezekana visionekane kabisa. Kipimo cha CD4 huhesabu seli za kinga zilizosalia, nacho unataka kiwe juu. Mtu mwenye 110 yumo hatarini hata kama amefika kliniki kwa miguu yake mwenyewe, amevaa vizuri na anacheka.

Ni nambari ambayo karibu kila mkazi wa mjini ameisikia, lakini ni wachache wanaoweza kukueleza inahesabu nini hasa. Basi hebu tuitazame hii CD4 yenyewe.

Kazi yake

Kwanza kuna jambo ambalo hata baadhi ya washauri huliruka. CD4 si seli. Ni protini, tena ndogo mno, iliyochomoza juu ya ngozi ya baadhi ya chembechembe nyeupe za damu. Zinazoibeba kwa wingi ni zile ziitwazo seli T saidizi. Herufi T imetokana na thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambako seli hizo hukomaa. Tunaposema kwamba CD4 ya mtu ni 400 huwa tunafupisha maneno. Maana yake kamili ni kwamba katika milimita moja ya ujazo wa damu, kiasi cha kichwa cha pini, zimepatikana seli T 400 zilizobeba protini hiyo. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na kati ya 500 na 1,500.

Je, protini hiyo hufanya nini hapo ilipo? Tuseme umepanda matatu iliyofungwa madirisha, mtu akakohoa, na kijidudu cha kifua kikuu (TB) kikakuingia mapafuni. Seli walaji hukimeza. Hukikatakata, kisha hutundika vipande vyake juu ya ngozi zao, kwenye protini maalumu ya kuonyeshea, kama mchuuzi wa Gikomba anavyotundika mitumba yake. Seli T hupita zikikagua. Kila moja ina kipokezi kinachotambua kipande cha aina moja tu, kwa hivyo nyingi hupita bila kuona lolote la maana. Ile inayokitambua kipande hushika, lakini mshiko wake ni dhaifu.

Hapo ndipo CD4 inapoingia kazini. Hukamata ubavu wa ile protini ya kuonyeshea, na mkia wake ulio upande wa ndani wa seli huleta karibu kimeng'enya kiitwacho Lck, ambacho ndicho huwasha ishara kwamba adui amepatikana. Ishara hiyo ikishawaka, seli hujigawa ikawa maelfu na kuanza kumwaga kemikali za kuamsha wenzake. Seli B hupata amri ya kutengeneza kingamwili. Seli T za kuua, ambazo zenyewe hubeba protini nyingine iitwayo CD8, huongezewa nguvu. Na zile seli walaji zilizomeza kijidudu cha TB zikashindwa kukimaliza hupata kichocheo cha kukiua, au angalau kukifungia mahali pamoja kwa miaka mingi bila mwenye mwili kujua.

Tumezoea kuambiwa kwamba CD4 ni askari wa mwili. Mimi naona ni afadhali tuseme seli hizi ni kama mkuu wa kituo. Yeye mwenyewe mara nyingi harushi risasi, lakini asipokuwapo, askari wapo na bunduki zipo na hakuna anayejua aende wapi.

Jina lililotoka wapi?

Hadi katikati ya miaka ya 1970 hakuna aliyeijua protini hii. Chini ya darubini seli T zote hufanana. Mnamo 1975 Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, walibuni njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kila moja ikishika kitu kimoja pekee. Kwa kuzitumia, maabara mbalimbali zilianza kutofautisha seli kwa protini zilizo juu yake, na kila maabara ikatoa majina yake. Hii yetu iliitwa T4 huko Marekani. Vurugu ilipozidi, wataalamu walikutana Paris mwaka 1982 kuandaa orodha moja. Herufi C na D ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kundi linalotofautisha seli, na 4 ni nafasi tu katika orodha hiyo, ambayo leo ina majina zaidi ya 350. Haina maana ya ubora wala daraja.

Kufikia wakati huo lakini, T4 ilikuwa imekwisha kujulikana kwa sababu mbaya. Juni 1981 madaktari wa Los Angeles walitoa ripoti ya vijana watano wa kiume waliougua nimonia ya aina ambayo huwapata watu wenye kinga dhaifu sana. Damu yao ilipochunguzwa, seli za T4 zilikuwa karibu kwisha. Mnamo 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walikipata kirusi chenyewe. Swali likawa: kwa nini kirusi hiki kichague seli hizo na kuziacha nyingine?

Jibu lilitolewa mwishoni mwa 1984 na vikundi viwili, kimoja cha London na kingine cha Paris. Walifunika protini ya CD4 kwa kingamwili, kisha wakaleta virusi. Virusi havikuweza kuingia. Ilikuwa dhahiri kwamba protini inayowasha kinga yetu ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na adui kama mlango. Kisa cha kwanza cha ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka huo huo wa 1984.

Mlango na kitasa

Kirusi cha ukimwi kimevikwa vijiti vya protini iitwayo gp120. Kijiti kikigusa CD4 hushikana nayo, kikageuka umbo, na kuanza kutafuta kitasa cha pili kilicho kando yake juu ya ngozi ile ile ya seli. Vitasa hivyo, CCR5 na CXCR4, viligunduliwa mwaka 1996. Vyote viwili vikishashikwa, kirusi huvuta ngozi yake na ya seli zikaungana, na yaliyomo yakamwagika ndani. Tangu hapo seli hugeuzwa kiwanda cha virusi. Majuma ya kwanza ndiyo mabaya zaidi, hasa kwenye utando wa utumbo ambako seli za CD4 ni nyingi mno, na wakati huo mwenyewe huenda asihisi lolote zaidi ya homa anayodhani ni malaria. Baadaye hesabu katika damu huinuka kidogo, kisha huteremka polepole kwa miaka. Bila dawa, mtu mzima huchukua kama miaka minane hadi kumi kabla ya kuugua vibaya.

Pengine umesikia habari za Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin. Mwaka 2007 aliwekewa uboho wa mtu ambaye kwa kuzaliwa hakuwa na kitasa cha CCR5, na virusi vya ukimwi havikurudi tena hadi alipofariki mwaka 2020 kutokana na ile saratani. Upungufu huo wa kuzaliwa hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya mia moja wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya. Miongoni mwa Waafrika haupatikani ila kwa nadra sana.

Hata hivyo, sisi tuna kisa chetu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia wanawake wanaouza ngono katika mtaa wa Majengo, Nairobi. Kulikuwa na wachache ambao mwaka baada ya mwaka hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi. CD4 wanayo, na kitasa cha CCR5 wanacho kama wewe na mimi. Moja ya mambo yaliyoonekana baadaye ni kwamba seli zao za CD4 zilikuwa tulivu kuliko za wengine, hazikuwa zimeamka-amka ovyo, na kirusi hustawi vizuri zaidi ndani ya seli iliyoamka. Hata hivyo baadhi yao waliambukizwa hatimaye, kwa hivyo mtu asijidanganye kwamba yeye "hashikwi".

Nambari iliyofungia watu nje

Kwa miaka mingi CD4 ndiyo iliyokuwa hakimu. Dawa zilipoanza kufika hospitali za umma, zilikuwa chache na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulitaka uanzishiwe zikiwa chini ya 200 au ukiwa mgonjwa wazi. Ukipatikana na 260 uliambiwa urudi nyumbani, ule vizuri, uje baada ya miezi kadhaa. Wako waliorudi wakiwa wamebebwa, na wako ambao hawakurudi. Kiwango kilipandishwa hadi 350 mwaka 2010, kikawa 500 mwaka 2013, na 2015 WHO ikaondoa sharti hilo kabisa. Kenya ilifuata mwaka 2016. Tangu hapo anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja nambari yoyote, na anafuatiliwa kwa kipimo cha wingi wa virusi.

Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Ila ulileta tatizo lake. Kwa kuwa CD4 haikuhitajika tena kufungulia dawa, kliniki nyingi zililegea kuipima. Mtu hupewa tembe zake, huambiwa arudi baada ya mwezi, na hakuna anayejua kama anaanza akiwa na 600 au akiwa na 30. Na hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Mwaka 2017 WHO ilieleza kwamba takriban thuluthi moja ya watu katika nchi kama zetu huanza dawa wakiwa chini ya 200. Wanaofariki ndani ya miezi ya mwanzo, huku ndugu wakishangaa kwamba "si alikuwa ameanza dawa?", wengi wao ni hao.

Labda wasema: mtu wa namna hiyo si atajulikana kwa kumtazama? La. Mwaka huo huo wa 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe. Watu 1,805 walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 100 walishiriki. Mtu wa katikati katika kundi hilo alikuwa na 37. Pamoja na hayo, karibu nusu yao hawakuwa na dalili zozote au walikuwa na dalili ndogo tu. Nusu ya kundi lote walipewa dawa za kawaida za ukimwi pamoja na Septrin. Nusu ya pili waliongezewa dawa za kuzuia TB, kuvu, bakteria na minyoo kwa majuma machache. Baada ya majuma 24, kati ya kila watu 1,000 wa kundi la kwanza 122 walikuwa wamefariki. Katika kundi la pili walikuwa 89. Dawa zilizoleta tofauti hiyo ni za kawaida. Kilichohitajika ni mtu kujua kwamba nambari ni ndogo.

Kwa hivyo, ikiwa wewe au mtu wako ndiyo kwanza anaanza dawa, au aliziacha kwa miezi kadhaa na sasa anarudi, au wingi wa virusi umepanda tena licha ya kumeza, uliza: "Daktari, CD4 yangu ni ngapi?" Ikiwa ni chini ya 200, uliza maswali mengine mawili. Je, nimepimwa TB? Siku hizi kuna kipimo cha mkojo ambacho huitambua kwa watu wenye kinga dhaifu hata wakishindwa kutoa makohozi. Na je, damu yangu imepimwa kuvu aitwaye kriptokokasi? Huyu huingia kupitia mapafu na kwenda kujificha kwenye utando wa ubongo. Anaweza kuonekana katika damu majuma kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma, na akigunduliwa mapema kuna tembe za kumzuia. Akiwa amekwisha fika ubongoni, daktari hutibu kwanza na kuchelewesha dawa za ukimwi kwa majuma manne hadi sita, kwa sababu kinga ikiamka ghafla wakati huo inaweza kumuua mgonjwa.

Hilo la kinga kuamka lastahili maelezo, maana limewafanya wengi watupe dawa. Mtu anaanza tembe, juma la pili au la tatu anapata homa, tezi za shingo zinavimba, kikohozi kinazidi. Jirani anasema, "Hizo dawa zitakumaliza." Mara nyingi kinachotokea ni kwamba seli za CD4 zimeanza kurudi, zimemkuta adui aliyekuwa amejificha kimya, na vita vimeanza. Rudi kliniki siku hiyo hiyo, na tembe usiziache mpaka daktari mwenyewe aseme.

Usiisome kama bei ya sukari

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Damu huchukuliwa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau. Huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi inayong'aa, zile zile za ukoo wa Köhler na Milstein, ambazo hushika CD4 pekee. Seli hupitishwa mbele ya mwali wa mwangaza na mashine ikahesabu zinazong'aa. Siku hizi kuna hata kipimo kidogo cha mkononi kisichotaja nambari. Huonyesha tu kama uko juu au chini ya 200.

Usishtuke ikiwa Machi ulikuwa na 520 na Septemba una 460. Hesabu hii huwa chini asubuhi na kupanda jioni. Mafua, ujauzito, hata mashine tofauti, vyote huibadilisha. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano hesabu huwa ya juu kuliko ya watu wazima kwa maumbile, kwa hivyo usimlinganishe mwanao na wewe. Aidha, CD4 si kipimo cha ukimwi. TB peke yake yaweza kuishusha kwa mtu asiye na virusi kabisa.

Kwa wanaouliza kuhusu chakula: terere na managu ni mboga nzuri, kula. Lakini hakuna mboga inayofunga ule mlango. Mwaka 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wako walioacha tembe zao kwa kuwa walihisi wamepona. Ubaya wa CD4 ni kwamba haiumi ikishuka. Na jaribio la kuacha dawa kwa kufuata nambari limekwisha fanywa na wanasayansi wenyewe. Watu zaidi ya 5,000 walishiriki, nusu wakiacha dawa kila CD4 ilipozidi 350 na kuzirudia ikishuka chini ya 250. Ilibidi utafiti usimamishwe mwaka 2006, kwani walioacha waliugua na kufariki zaidi ya mara mbili kuliko walioendelea. Waliongezeka hata wenye maradhi ya moyo, figo na ini.

Anayemeza dawa bila kukosa huona CD4 yake ikipanda, kwa wengi kati ya 50 na 150 katika mwaka wa kwanza, halafu polepole zaidi. Aliyeanza akiwa na 30 huenda asifikishe 500 maishani, na bado akaishi, akafanya kazi na kulea watoto, mradi virusi havionekani. Yule mama wa 640 kwenye benchi huenda naye alianza chini sana. Mwulize.